Ngumi Tatu Ukutani: Maisha ya Kimya, Fundi wa Kuchomelea na Sauti ya Bendi ya Tanuri

Mtu tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 14 Septemba 2024, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1972, saa nne asubuhi, katika wodi ya wazazi yenye vitanda sita, na hakulia. Mkunga alimpiga kofi la kwanza, mtoto akamtazama. Akampiga la pili, mtoto akafumba macho. "Huyu mtamchoka," mkunga alimwambia mama. "Anaweka moyoni." Mama akamwita Kimya, na jina hilo likalimeza lile la kwenye cheti. Mashabiki wa muziki wa metali, ule wa magita mazito na mngurumo, walikuja kulipenda baadaye wakidhani ni mzaha, kwamba mtu mwenye sauti ya kubomoa ukuta amejiita hivyo ili kuchekesha. Haukuwa mzaha. Mkunga aliona mbali.

Wasifu huu una kazi ya kumuaga marehemu, na una kazi ya pili: kumrudishia kitu alichochukuliwa akiwa amelala hospitali. Kitu hicho ni sauti yake. Aliagiza kisemwe hapa, mbele ya jeneza, kabla udongo haujarudishwa shimoni, na kichapwe ndani ya kijitabu hiki ili asiyesikia asome.

Kimya alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa baba fundi wa saa, aliyetangulia mwaka 1994, na mama mfua nguo za hospitali, ambaye Mungu amemjalia kuwa nasi leo. Mdogo wake wa kike, anayesoma haya, alizaliwa mwaka 1979. Mwaka huohuo Kimya alianza darasa la kwanza. Alikuwa mzuri wa hesabu, mbaya wa mwandiko, na alipofika darasa la nne alijiunga na kwaya ya shule. Siku ya kwanza ya mazoezi, mwalimu wa kwaya alisimamisha wimbo mzima, akapita kati ya watoto huku ametega sikio, akasimama mbele yake.

"Hiyo sauti umeitoa wapi, kisimani?"

"Tumboni, mwalimu."

"Basi irudishe. Wewe utasimama nyuma, ufungue mdomo tu. Usitoe kitu."

Alifungua mdomo bila kutoa kitu kwa miaka miwili. Kwaya ikashinda kikombe, naye akapewa cheti kama wenzake. Alikileta nyumbani, akakiweka chini ya godoro, na mama alipomuuliza kwa nini hakitundiki, akajibu, "Si changu, mama. Mimi sikuimba." Alikuwa na miaka kumi na moja. Wanaomsikiliza msomaji hivi sasa walikumbuke jibu hilo.

Darasa la tano aliletewa wa kukaa naye dawati moja, mtoto mwembamba aliyetengeneza gita kwa debe na nyaya za breki za baiskeli. Wenzao wakamwita Waya. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Mama yake Waya alimlisha Kimya chakula cha mchana kwa miaka sita bila kuuliza, na Kimya alimbebea maji kwa miaka sita bila kuombwa. Baada ya sekondari Kimya alikwenda chuo cha ufundi, 1990 hadi 1992, akatoka na cheti cha kuchomelea vyuma.

Alifungua karakana yake Februari 1995, chumba cha mwisho katika safu ya vyumba sita nyuma ya kituo cha mafuta, mlango wa bati uliopakwa kijani. Alitengeneza mageti, nondo za madirisha, vitanda, majiko, na mwaka 1999 alimtengenezea mdogo wake sanduku la kwendea chuo, zito kuliko vitabu vyote vilivyowekwa ndani. Alilibeba mwenyewe hadi ghorofa ya tatu ya bweni, akalitua, akasema, "Mwizi akiliweza hili, mwache. Amelifanyia kazi." Kila alichokitengeneza alikiacha na tone dogo la chuma chini ya bawaba ya pili. Geti likiletwa kwake likidaiwa ni lake, alipapasa hapo kwa kidole, wala hakuangalia kwingine. "Kazi ikiwa na mwenyewe," alisema, "haihitaji mashahidi."

Katika karakana hiyo, Jumapili alasiri, wakati jirani seremala amefunga, ilizaliwa bendi ya Tanuri mwaka 1997. Waya alipiga gita, wengine wawili walipiga besi na ngoma, na Kimya aliimba. Neno kuimba wazee wetu hapa watatusamehe. Mama alipomsikia mara ya kwanza alimuuliza kama ana choo kigumu. Lakini waliojua walijua: ule mngurumo ulikuwa na maneno ndani yake, kila neno limesimama mahali pake kama msumari.

Tanuri ilikuwa na namna yake ya kurekodi, na jambo hili ndugu wasiokuwa watu wa muziki walishike, maana kesi yote imelala hapo. Bendi nyingi hurekodi ngoma kwanza, kisha magita, na mwimbaji huja mwisho. Tanuri walianza na mwimbaji. Kimya alikuwa na mapigo yasiyoyumba, aliyoyapata kwenye nyundo. Basi alivaa kinyago chake cha kuchomelea, kile kilicho juu ya jeneza, kwa sababu kilimrudishia sauti masikioni, akasimama peke yake katikati ya karakana, akaimba wimbo mzima bila chombo hata kimoja. Fundi wa sauti aliinasa. Wenzake walijenga juu yake baadaye. Sauti ya Kimya ndiyo iliyokuwa msingi, na nyumba ni msingi.

Chumba kilichopakana na karakana kilikuwa cha mshonaji. Ukuta kati yao ulikuwa wa tofali moja. Wiki ya tatu ya mazoezi, mshonaji aliingia akiwa ameshika gauni la bibi harusi.

"Nani kati yenu ndiye yule mnyama?"

Wote wakamwonyesha Kimya.

"Kaka, njoo uangalie pindo langu. Njoo, usiogope, mimi siumi. Hapa sindano ilikuwa inakwenda vizuri. Hapa ukaanza. Unaona ilivyoruka? Mteja wangu anaolewa Jumamosi akiwa na pindo la mlevi."

"Samahani, dada."

"Samahani haishoni. Tukubaliane. Nikigonga ukuta mara tatu, unanyamaza, namaliza mstari wangu, unaendelea."

Walikubaliana. Aligonga ngumi tatu ukutani kwa miaka minne, naye alinyamaza kila mara, hata katikati ya neno. Waya alimtania kwamba bendi ina mwanachama wa tano na ndiye mwenye amri. Jumamosi tarehe 18 Agosti 2001 mshonaji na fundi walifunga ndoa. Gauni alilishona mwenyewe. Kimya, kwa wiki mbili, hakuruhusiwa hata kukohoa karibu na ukuta. Mwaka 2003 walipata binti yao wa pekee, ambaye alilia alipozaliwa, na mkunga akashukuru.

Albamu ya kwanza ya Tanuri, *Chuma*, ilitoka mwaka 2004 na kuwapatia watu. Si wengi, lakini wa kufa na kuzikana nao. Walikuja wamevaa nyeusi kwenye jua la saa nane, wakajua kila neno, wakamwita Kimya mzee akiwa na miaka thelathini na miwili.

Mwishoni mwa mwaka 2010 sauti yake ilianza kukwaruza. Aliimba kama mtu mwenye mchanga kooni. Aliacha kupanda jukwaani akidhani ni mafua, lakini kazi ya albamu ya pili hakuiacha. Jumamosi na Jumapili, tarehe 15 na 16 Januari 2011, alivaa kinyago akarekodi nyimbo zote tisa. Katika wimbo wa tisa pumzi inamkatika, anaitafuta, anaipata, anaendelea. Wimbo ulipofika mwisho mkewe, aliyekuwa upande wa pili akimalizia sare za shule, aligonga ukuta mara tatu. Mashine ilikuwa bado inanasa.

Machi madaktari walimwambia kwamba ule mchanga ni saratani ya koo. Aprili alilazwa. Alhamisi tarehe 5 Mei 2011, akiwa kitanda namba kumi na moja, siku tano kabla ya upasuaji, alipata ujumbe kwenye simu. Mdogo wake alikuwa ameketi pembeni akimenya chungwa, na ndiye aliyeusoma kwa sauti kwa sababu Kimya hakuwa na miwani. Ulisema: "Kaka pole na maradhi. Tumekaa kama bendi tumeona tuendelee na mwimbaji mwingine. Utabaki mwanzilishi wetu daima. Pona haraka." Ulitoka kwa Waya. Kimya aliomba asomewe tena. Kisha akasema, na haya ni kati ya maneno ya mwisho aliyoyatamka kwa kinywa chake: "Si angekuja tu. Hospitali ina mlango."

Jumanne tarehe 10 Mei walimwondolea koo la sauti, wakamwachia tundu la kupumulia chini ya shingo. Kuanzia siku hiyo alisema kwa daftari, na kwa chaki juu ya bati akiwa kazini.

Mwimbaji mpya alikuwa kijana wa duka la simu, mrefu, mwenye nywele nzuri, anayeitwa Sumaku kwa jinsi anavyovuta watu. Kwa wiki tatu walijaribu kumrekodi juu ya nyimbo zile tisa. Fundi wa sauti ametueleza, na yuko hapa, anayetaka kumuuliza amuulize: kijana alitoa damu puani, akatoa machozi, mngurumo haukutoka. Studio ilikuwa imelipiwa, tarehe imetangazwa. Wakatazamana. Ile sauti ya msingi ilikuwa tayari chini ya magita, imekamilika. Kilichotakiwa ni kutoiondoa.

Tarehe 12 Juni Waya alikuja nyumbani na matunda. Aliketi ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Ndugu yangu, nakuomba kitu. Albamu tutoe na sauti yako, lakini jina tuweke la kijana. Mwaka mmoja tu. Watu wakijua mwimbaji amekatwa koo, nani atatuita jukwaani? Bendi itakufa. Ni mtoto wako hii, Kimya. Utamwua mtoto wako?"

Kimya aliandika: *Na baada ya mwaka?*

"Nitapanda jukwaani mimi mwenyewe, nitasema kila kitu."

*Apa.*

"Naapa kwa mama yangu."

Kimya alifunga daftari. Kwa mama yule, aliyemlisha miaka sita, hakuhitaji kiapo kingine. Daftari hilo lipo, na ukurasa huo una tarehe.

Albamu ilitoka Ijumaa tarehe 25 Novemba 2011 ikiitwa *Majivu*, na uso wa Sumaku kwenye jalada. Novemba 2012 ilifika, ikapita. Kimya aliandika barua kuwakumbusha. Waya alijibu kwa ujumbe wa mstari mmoja: "Sauti zinafanana, kaka, usijitese." Mwezi huohuo mama yake Waya alifariki, na Kimya alikwenda kuchimba kaburi pamoja na wengine. Alichimba mpaka mwisho na kuondoka bila kumpa mkono yule aliyeapa.

Mashabiki, ninyi mliokuja leo na fulana zenu, karibuni sana. Mligawanyika mapande mawili. Watu wa *Chuma* mlisema mwimbaji wa kwanza ndiye bendi, na kilichobaki ni jina lililovaliwa na wageni. Watu wa *Majivu* mlisema bendi ni mto, maji hubadilika na mto ukabaki, na kwamba Sumaku ameipa Tanuri uchungu ambao Kimya hakuwahi kuwa nao. Mliandikiana mtandaoni kurasa elfu. Kimya alizisoma zote. Jioni moja alimwandikia mkewe: *Leo nimeshindwa tena, kura mia nne kwa themanini.* Kwa miaka kumi na mitatu mtu mmoja alishindanishwa na yeye mwenyewe, na mara nyingi alishindwa. Huo uchungu mliousifu, ile pumzi inayokatika na kurudi, haukuwa ufundi wa kijana wa duka la simu. Ulikuwa uvimbe. Mlikuwa mnasikiliza saratani ya marehemu ikikua.

Mwaka 2014, wawili kati yenu mlifika karakana na stendi ya spika iliyovunjika mguu. Mmoja alivaa *Chuma*, mwingine *Majivu*. Mlimkuta fundi amevaa kinyago, kitambaa shingoni, hamkumtambua, mkaendelea na ubishi wenu huku anawachomelea. Mkewe aliusikia wote kupitia tofali, kwa hiyo tunao neno kwa neno.

"Mwimbaji ni kofia tu. Kichwa ni gita."

"Haya, vaa kofia ya mwenzako uende kwake, tuone kama mkewe atakufungulia."

"Kimya alikuwa anabweka, bwana! Sumaku analia. Sikiliza wimbo wa tisa. Yule mtu anakijua kifo."

"Anakijua wapi? Anauza vocha."

"Na zile ngumi tatu mwisho, je? Nywele hazisimami?"

Hapo fundi alizima mashine, akachukua chaki, akaandika juu ya bati: *Hizo ngumi tatu ni za nini?*

"Mzee, hiyo ni siri kubwa. Sumaku mwenyewe alisema redioni. Anagonga mlango wa kuzimu."

Fundi aliwasha mashine tena. Taa ya mshonaji ikacheza, sindano ikaruka, na kutoka ukutani zikaja ngumi tatu. Akazima papo hapo.

"Nani huyo?" mmoja wenu aliuliza.

Akaandika: *Kuzimu. Anataka nimalize haraka.* Mkacheka, mkabeba stendi yenu mkaenda. Jibu la falsafa yenu yote lilikuwa limegonga mbele yenu, mkasema mzee ana utani.

Familia ilimsihi aseme. Mdogo wake, ambaye kazi yake ni kufundisha na huamini kwamba ukweli ukielezwa vizuri unaeleweka, aliandika barua ya kurasa sita kwa niaba yake. Kimya aliisoma, akasahihisha tarehe moja, akairudisha na maneno haya: *Mgonjwa akidai, watasema wivu. Maiti hana wivu. Ngoja.*

Wengi watasema alichukia kubadilishwa. Si kweli, na daftari lake linashuhudia. Aliandika mwaka 2015: *Koo langu limekufa, bendi inahitaji koo jingine, hilo naelewa. Wangeniomba ningemfundisha yule kijana kupumua. Bendi si mwimbaji, wala si gita. Bendi ni watu wanaojua nani amefanya nini.* Kubadilishwa aliweza. Alichoshindwa ni kubakizwa ndani bila jina, kama geti lililong'olewa tone la chini ya bawaba na kuuzwa na mwingine.

Jumamosi moja ya Julai 2022 binti yake, akiwa na miaka kumi na tisa, alikwenda kuwatazama Tanuri kwenye uwanja wa maonyesho, mchana kweupe. Alisimama nyuma, kando ya meza ya fundi wa sauti. Katika wimbo wa tisa Sumaku aliishusha maikrofoni kufuta jasho, na mngurumo ukaendelea. Binti alitazama mkono wa fundi wa sauti juu ya mashine. Kisha akamtazama usoni. "Baba hajambo?" fundi aliuliza. "Umemshika hapo," binti alijibu. "Muulize mwenyewe." Alirudi nyumbani akamsimulia baba yake, na Kimya, ambaye kwa miaka miwili ya utoto wake alifungua mdomo nyuma ya kwaya bila kutoa kitu, alicheka kwa mabega hadi tundu la shingoni likapiga filimbi. Kisha akaandika: *Angalau mimi cheti nilikificha.*

Agosti 2023 maradhi yalirudi, safari hii mapafuni. Oktoba fundi wa sauti alikuja na diski. Hakuketi. Alisema amechoka kuwa kidole cha watu wengine, akaiweka mezani, akaomba radhi, na Kimya akampa mkono. Ndiye pekee kati yao aliyepewa. Diski ina sauti ya siku zile mbili za Januari, tupu, kabla ya chombo chochote. Kimya aliisikiliza na mdogo wake. Mkewe alikataa. Alisema ataisikia siku moja tu, na si akiwa peke yake.

Mwaka wake wa mwisho Kimya aliutumia kupanga. Alichora jeneza hili, na ndugu wakitaka wapapase chini ya bawaba ya pili. Aliagiza nani abebe, nani asome, na nani akae wapi. Viti vinne vya safu ya mbele, vyenye karatasi nyeupe zilizoandikwa Tanuri, ni kwa agizo lake. Waliovikalia walidhani ni heshima. Ni heshima. Alitaka wasikie vizuri.

Wiki hii bendi ilituletea shada lenye utepe ulioandikwa "Kwa mwanzilishi wetu mstaafu", na ombi kwamba waimbe wimbo wa tisa kaburini, Sumaku akiongoza. Tulijibu kwamba wimbo huo utaimbwa, na mwimbaji amekwisha patikana. Utepe tumeukata, maua tumeyaacha, maana maua hayajamkosea mtu.

Kimya alifariki nyumbani Jumapili tarehe 8 Septemba 2024, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa ameketi kitandani na ushonaji mapajani. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Saa moja kabla aliinua mkono akagonga ukuta wa chumba. Mara moja. Mara ya pili. Ya tatu hakufika, na mkewe akaimalizia.

Zipo sauti zitakazosema msiba si mahali pa mashtaka. Kimya hakuwa mtu wa kusamehe upesi, na familia haitamsingizia msamaha leo ili watu wale vizuri. Waya alipewa mwaka mmoja akachukua kumi na mitatu. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Hii imekuwa ndefu kidogo, lakini imefika, na imefikia ukingoni mwa shimo.

Msomaji akimaliza, fundi wa sauti atacheza wimbo wa tisa kama ulivyonaswa Jumapili tarehe 16 Januari 2011. Mtasikia kinyago. Mtasikia pumzi. Mtazisikia ngumi tatu za mshonaji mwenye sare arobaini za kumaliza. Kwenye albamu mliyonunua wimbo unakatwa hapo. Kwenye diski hii haukatwi. Baada ya ngumi ya tatu mtamsikia mtu akivua kinyago na kusema, kwa sauti ya kawaida ya nyumbani ambayo mkewe hajaisikia tangu Mei 2011: "Nimesikia, mke wangu. Huu ndio wa mwisho."

Maikrofoni itaachwa wazi kando ya jeneza. Yeyote aliyeko safu ya mbele anayedai sauti hiyo ni yake, asimame aje avute pumzi moja tu mbele yetu. Tutamngoja. Wachimbaji wameambiwa wangoje.

Marehemu ameacha mama mzazi, mke mmoja, binti mmoja, mdogo wake wa kike, mageti mia mbili na kumi na moja yanayofunguka vizuri, na albamu mbili. Hakuacha ndugu mwingine kati ya waliomwita ndugu.

Mwili wake upumzike kwa amani. Sauti yake isipumzike mpaka ifike nyumbani.